Barua ya wazi kwa wenye haki za filamu ya Murder! (1930): toleo lijalo la diski lisikate picha wala kunyonga sauti

KWA: Wenye haki za filamu za British International Pictures, wakuu wa hifadhi zinazotunza negativu na nakala zake, na kampuni zinazoandaa diski za Blu-ray na DVD

YAH: TOLEO JIPYA LA MURDER! (1930) NA PACHA WAKE WA KIJERUMANI, MARY (1931)

Waheshimiwa,

Filamu tunayoiandikia barua hii ilipigwa Elstree, kaskazini mwa London, mwaka 1930, katika studio za British International Pictures. Mwongozaji ni Alfred Hitchcock, mpiga picha ni Jack Cox, na mswada aliuandika Alma Reville kutokana na riwaya ya Clemence Dane na Helen Simpson. Diana Baring, mwigizaji kijana wa kundi la maonyesho linalozunguka mijini, anakutwa amekaa kando ya maiti ya mwenzake. Chuma cha kuchokolea moto kipo palepale, naye hakumbuki lolote. Juri la watu kumi na wawili linamtia hatiani na anahukumiwa kunyongwa. Mmoja wa wale kumi na wawili, Sir John Menier, mwigizaji mashuhuri anayechezwa na Herbert Marshall, anarudi nyumbani dhamiri ikimsuta, kisha anaanza kupeleleza mwenyewe. Muuaji hatumtaji hapa, na mbele kidogo tutawaomba nanyi msimtaje.

Kasoro za nakala nyingi zinazozunguka zina mzizi mmoja. Aliyeandaa diski aliichukulia filamu ya 1930 kana kwamba ni ya 1940. Miaka hiyo kumi ni mingi mno. Filamu za Uingereza za 1929 hadi 1931 zina umbo lake la picha, zina namna yake ya kurekodi sauti, na zina udhaifu wake kwenye ukanda wa filamu. Asiyeyajua hayo ataziharibu huku akidhani anazisafisha. Filamu tisa za kimya za Hitchcock zilizosalia zilipata bahati: BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ilizikarabati zote kwa pamoja na kuzionyesha upya mwaka 2012, Blackmail katika umbo lake la kimya ikiwa mojawapo. Murder! ilizaliwa ng'ambo ya pili ya mstari huo, filamu ya sauti tangu mwanzo, na mradi ule haukuigusa. Ndiyo maana tunaomba toleo lijalo lifanywe upya kuanzia kwenye filamu yenyewe, si kwa kunakili faili lililokwisha kunakiliwa.

Tuanze na umbo la picha. Filamu ya kimya ya milimita 35 ilitumia karibu upana wote ulio kati ya matundu ya pembeni, kwa uwiano wa upana na kimo wa 1.33 kwa 1. Sauti ilipoanza kuchapishwa kwenye ukanda uleule ilidai nafasi yake, takriban milimita 2.5 upande mmoja, na kimo cha picha hakikuguswa. Kilichobaki kikawa picha inayokaribia mraba, 1.19 kwa 1 hivi. Mwaka 1932 ndipo Hollywood ilipokubaliana kupunguza na kimo pia, ukazaliwa uwiano wa 1.37 ambao mafundi wengi leo huuchukua kuwa ndio umbo la filamu zote za zamani. Murder! ni ya kabla ya makubaliano hayo.

Hesabu yake kwenye Blu-ray ni rahisi. Skrini ina pikseli 1920 kwa 1080. Picha ya 1.19 ikijaza kimo chote inachukua upana wa pikseli 1285, na kila ubavu unabaki na utepe mweusi wa pikseli 317. Tepe hizo ziachwe zilivyo. Mtu akiikata picha ifikie 1.37, asilimia 13 ya kimo imekwenda. Akiikata ifikie 1.33, imekwenda zaidi ya asilimia 10. Mkato wa namna hiyo unaumiza zaidi kwenye chumba cha juri, ambako wajumbe wanamsonga Sir John kwa hoja moja baada ya nyingine, na nguvu ya tukio ni watu wengi kubanwa ndani ya fremu nyembamba. Wengine hawakati, wanavuta: picha ya 1.19 ikinyooshwa hadi 1.33 kila uso unanenepa kwa asilimia 12, na hilo mtazamaji analihisi hata asipojua sababu.

Dawa inaanzia kwenye skani. Skanini ukanda mzima, kutoka tundu hadi tundu, ukanda wa sauti ukiwemo. Mkiona mpaka wa fremu na mwanzo wa ukanda wa sauti, hakuna tena haja ya kubahatisha umbo. Mkiskani dirisha lililokwisha kukatwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha lolote baadaye. Filamu ya naitreti, plastiki ya filamu za zamani, ya umri huu husinyaa, pengine kwa asilimia moja au zaidi, kwa hiyo mashine iwe ya kusukuma filamu kwa magurudumu laini, si ya pini za chuma zinazorarua matundu. Mikwaruzo ya upande wa nyuma, ule usio na emulsheni (tabaka linalobeba picha), hupungua sana filamu ikipitishwa ndani ya kimiminika chenye kupinda mwanga sawasawa na plastiki ya filamu. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kufikiria programu yoyote ya kuziba mikwaruzo. Kwa dakika 104 mtakuwa na fremu 149,760. Kila fremu ikihifadhiwa kwa pikseli 4096 kwa 3112 inachukua karibu megabaiti 51, na kazi yote inafika terabaiti 7.6. Hicho si kiasi cha kutisha hifadhi yoyote siku hizi. Skani hiyo ghafi itunzwe kama ilivyo, bila marekebisho, kando ya ile iliyosafishwa.

Kuhusu chembechembe za filamu tutasema kwa kifupi: ziacheni. Chembechembe ndizo picha yenyewe. Zikilainishwa, moshi, kitambaa na ngozi vinakuwa kitu kimoja.

Sasa sauti, na hapa tutakaa, kwa sababu ndipo matoleo yanapoharibu zaidi.

Studio ile ilitumia mfumo wa RCA Photophone, ambao unaandika sauti kama utepe unaopitisha mwanga wenye ukingo wa mawimbi. Taa inamulika utepe huo, seli inasoma upana wa mwanga unaopita, na upana huo unageuka kuwa sauti. Sehemu inayopitisha mwanga ndiyo yenye hatari: kila vumbi na kila mkwaruzo ulio juu yake unasikika. Baadaye kilipatikana kifaa kilichoifunga sehemu hiyo kila sauti ilipotulia, ili utulivu uwe utulivu kweli. Filamu za mwanzo hazikuwa na kinga hiyo. Kwa hiyo katika rekodi kama hizi mahali penye maneno machache ndipo mchakacho, ile kelele nyembamba ya nyuma, unaposikika zaidi, na mhandisi wa leo anashawishika kuweka programu inayofunga sauti yote iliyo chini ya kiwango fulani.

Afanyapo hivyo anaiua filamu hii. Tazameni hukumu inavyotolewa. Kamera haiingii mahakamani. Inabaki kwenye chumba cha juri kilichokwisha kuachwa, mhudumu akipanga vitu, na sauti ya mahakama inatufikia kutoka upande wa pili, nyembamba na ya mbali. Mwanamke anahukumiwa kufa na sisi tunasikiliza kwa mlangoni. Programu ya kufunga kelele haijui tofauti kati ya sauti ile na mchakacho. Itakula miisho ya maneno kwanza, kisha pumzi, kisha maneno yenyewe. Kama mnataka mahali pamoja pa kupimia kazi ya mhandisi wenu, pimeni hapo.

Masafa yenye manufaa katika rekodi kama hii ni kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 na 5,500 hivi. Juu ya hezi 7,000 hakuna alichosema mwigizaji yeyote, na kichujio laini hapo hakidhuru. Chini ya hapo mkono uwe mwepesi: kupunguza mchakacho kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 4 hadi 6 kunatosha kumstarehesha msikilizaji, na ukifika desibeli 15 au 20 unaanza kusikia milio ya kengele ndogo zisizokuwepo. Konsonanti za s, f na sh zinaishi juu ya hezi 3,000, mahali palepale mchakacho unapoishi. Zikiondolewa pamoja nao, Herbert Marshall, mwenye mojawapo ya sauti nzuri kuliko zote za kizazi chake, anasikika kama anazungumza ndani ya mtungi.

Mpangilio wa kazi una maana kuliko programu mtakayonunua. Filamu ioshwe kwanza. Sauti isomwe kutoka kwenye chanzo kilicho karibu zaidi na asili, negativu ya sauti ikiwa ipo, na isomwe kwa saizi halisi ya ukanda wake ili kifaa kisiokote matundu upande mmoja na ukingo wa picha upande mwingine. Vishindo na milipuko midogo iondolewe mmoja mmoja kwa mkono. Kisha ule mvumo wa umeme ulioingia wakati wa kunakili, kwa kawaida hezi 50 au 60 na vizidishio vyake, ukatwe kwa vichujio vyembamba. Mchakacho wa jumla uguswe mwisho kabisa. Anayeanza na huo wa mwisho anaifundisha programu yake kelele ambazo zingeondoka zenyewe kwa sabuni.

Kuna kasoro moja inayofanana na mchakacho na haitibiki kwa dawa yake. Nakala ikichapishwa kwa mwanga mwingi au mchache kuliko unaotakiwa, ukingo wa mawimbi unavimba au unasinyaa, na kila herufi s inatoka ikiwa imepasuka. Hapo msichuje. Tafuteni nakala nyingine, au chapisheni upya kutoka negativu ya sauti kwa majaribio ya uzito mbalimbali wa weusi hadi s zitulie. Anayeusoma ukanda wa sauti kama picha ya kidijiti anaweza pia kurekebisha mahali ukingo unapohesabiwa kuanzia. Ni kazi ya polepole na matokeo yake yanastahili.

Tukio la Sir John kunyoa ndevu linahitaji ulinzi wa pekee. Amesimama mbele ya kioo, redio inapiga utangulizi wa Tristan und Isolde wa Wagner, na tunayasikia mawazo yake bila midomo kusogea. Wakati ule hakukuwa na njia nzuri ya kuchanganya sauti baada ya kupiga picha. Hitchcock alimweleza François Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, kwamba okestra ya watu 30 iliwekwa studioni nyuma ya ukuta wa bafu, na maneno ya Marshall yalikuwa yamerekodiwa kabla, yakachezwa wakati kamera inakwenda. Kila kitu kiliingia pamoja. Uwiano wa sauti na muziki mnaousikia ni uamuzi uliofanywa sakafuni siku ile, kwa kupanga watu na vifaa, na hakuna mkanda wa pili uliofichwa mahali. Kwa hiyo tunaomba programu za kutenganisha sauti ya mtu na muziki zisitumike hapo. Zinaweza kufanya hivyo, ndiyo. Zitakachotoa ni okestra yenye mashimo kila Marshall anapofungua neno. Wala msiweke rekodi mpya ya Wagner chini yake.

Filamu iwe ya mono, chaneli moja, bila mwangwi wa kubuni wala spika sita. Kama diski itaiweka kwenye chaneli mbili, kushoto na kulia viwe sawa kabisa. Jaribio lake ni la dakika moja: geuza mawimbi ya upande mmoja, jumlisha na upande wa pili, usikie kimya. Ukisikia chochote, mahali fulani sauti ilisomwa kwa vichwa viwili visivyolingana, na masafa ya juu yanajifuta yenyewe.

Viungo navyo vinahitaji mtu anayejua filamu. Kwenye ukanda wa milimita 35 sauti ya fremu fulani haiko kando ya fremu hiyo. Imechapishwa takriban fremu 20 mbele, kwa sababu kisoma sauti kiko chini ya lango la picha. Nakala ikikatika na kuunganishwa, picha inaruka kwanza na sauti inaruka sekunde 0.83 baadaye. Fundi akiziba fremu zilizopotea kwa kuzichukua kwenye nakala nyingine na akaisahau sauti, ataacha neno lililokatwa katikati sekunde moja mbele ya mahali alipotengeneza, na midomo itachelewa au itawahi hadi mwisho wa rili, yaani gurudumu hilo la filamu. Kila kiungo kiandikwe kwenye daftari la kazi, namba ya fremu ya picha na namba ya fremu ya sauti, zote mbili.

Hitchcock alisema pia kwamba katika filamu hii aliwajaribu waigizaji kubuni baadhi ya mazungumzo papo hapo, na matokeo yakawa na kusitasita kwingi. Hakuyapenda sana. Kusitasita huko kubaki. Ukarabati hauna ruhusa ya kuhariri.

Kasi ya kuchezesha ni jambo ambalo wauzaji huliona dogo. Filamu hii inakwenda fremu 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya na za kwetu hukimbia kwa fremu 25, na njia ya mkato ni kuiharakisha filamu kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Matokeo yake sauti inapanda kwa takriban saba ya kumi ya nusu toni. Wagner anahama ufunguo na Marshall anakuwa kijana zaidi. Blu-ray inakubali fremu 24 kamili au 23.976, kwa hiyo hakuna kisingizio tena. DVD ikilazimika kutolewa, sauti ishushwe irudi mahali pake na jambo hilo liandikwe kwenye jalada.

Kasi hiyo ndiyo inayowachanganya wanunuzi kuhusu urefu. Toleo la Uingereza hutajwa kuwa la dakika 104, yaani futi 9,360 kwa mwendo wa futi 90 kwa dakika. Diski ya fremu 25 itaonyesha karibu dakika 100 bila kupoteza fremu hata moja. Lakini zipo pia nakala zilizokatwa kweli, fupi kwa dakika kadhaa, na kwa kutazama namba kwenye jalada peke yake mnunuzi hawezi kujua ameuziwa ipi. Andikeni futi au idadi ya fremu, pamoja na kasi. Mstari mmoja wa maandishi unamaliza ubishi.

Aina ya tatu ya nakala ndiyo mbaya kuliko zote: iliyotoka kwenye mkanda wa video wa Marekani, wenye fremu 29.97 zilizojazwa kwa kurudia nusu za picha, kisha ikageuzwa tena kuwa 25. Filamu inafunguka kwa kelele za usiku na kamera inapita kando ya madirisha, majirani wakitoa vichwa mmoja mmoja kuuliza kuna nini. Katika nakala hizo kila kichwa kina kivuli chake na mwendo wa kamera unachechemea. Chanzo cha namna hiyo kisitumike hata kuziba pengo la sekunde tano.

Tuje kwa Mary. Mwaka 1930 kubadilisha sauti ya mwigizaji baada ya kupiga picha kulikuwa bado hakuwezekani kwa ubora. Ndiyo maana kwenye Blackmail Joan Barry alilazimika kusimama nje ya fremu na kusema maneno ya Anny Ondra moja kwa moja, huku mwenzake akichezesha midomo. Kuuza filamu Ujerumani kulidai kuipiga upya kwa Kijerumani. Hitchcock aliipiga Mary Elstree sambamba na Murder!, kwenye seti zilezile, Alfred Abel akiwa Sir John na Olga Tschechowa akiwa mshtakiwa. Ni fupi, dakika 80 hivi, na ni shahidi bora kuliko maelezo yoyote ya kitabu: seti ileile, kesi ileile, lakini waigizaji wengine wanapumua tofauti na tukio zima linabadilika uzito. Toleo lililotoka Marekani mwaka 2019 liliiweka kama nyongeza, na lilifanya vyema. Tunaomba hatua moja zaidi. Mary ipewe skani na usafi uleule, manukuu yake yatafsiriwe kutoka Kijerumani chenyewe badala ya kunakili mazungumzo ya Murder!, na kuwe na sehemu fupi inayoweka matukio mawili ubavu kwa ubavu. Umbo la 1.19 linaruhusu: picha mbili nyembamba zinakaa vizuri kwenye skrini pana.

Nafasi inatosha. Picha yenye chembechembe inahitaji wastani wa megabiti 30 kwa sekunde. Murder! kwa kiwango hicho ni gigabaiti 23.4, na Mary ni 18. Jumla ni 41.4, ongezeni sauti isiyobanwa ya filamu zote mbili na bado mko chini ya gigabaiti 50 za diski ya tabaka mbili. Kwenye diski ya gigabaiti 25, Murder! peke yake ingeijaza, na hapo ndipo watu hushusha kiwango hadi giza la jela ligeuke miraba inayotambaa. Msiibane kwa ajili ya kuokoa gharama ya tabaka moja.

Haki za filamu za kampuni ile leo ziko mikononi mwa StudioCanal katika sehemu kubwa ya dunia. Kwa sheria ya Marekani ulinzi wa filamu za 1930 ni wa hadi mwisho wa 2025, hali Uingereza na Ulaya bado unaendelea. Maana yake kibiashara ni kwamba nakala za bei ya chini zitaongezeka Marekani, nyingi zikitoka kwenye mikanda ile ya kuchechemea. Mwenye negativu nzuri hana njia ya kushindana kwa bei. Anaweza kushindana kwa kile ambacho wengine hawana, yaani filamu yenyewe ikionekana na kusikika sawasawa.

Kwa wasomaji wa barua hii kuna suala la kanda, yaani maeneo ya dunia ambayo diski hufungiwa. Blu-ray ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na Oman ni ya kanda B, pamoja na Ulaya. Marekani ni kanda A, na mashine ya Mombasa au Muscat iliyofungwa kwa kanda yake itaikataa diski hiyo. Kwenye DVD mgawanyo ni tofauti: Afrika Mashariki iko kanda ya 5, Oman iko ya 2 pamoja na Ulaya Magharibi. Filamu ya mwaka 1930 haina ratiba ya sinema ya kuilinda. Itoeni bila kufuli la kanda.

Na iwe na manukuu ya Kiswahili. Kiufundi ni jambo jepesi: kwenye Blu-ray manukuu ni picha ndogo zinazopakwa juu ya filamu, si maandishi yanayotegemea fonti ya mashine, na diski moja inaruhusu mikondo 32. Msimbo wa lugha ni swa kwenye Blu-ray na sw kwenye DVD. Ukiachwa wazi, mashine itaandika "haijulikani" na mtazamaji hatauchagua. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo mistari isizidi miwili, herufi 36 kwa mstari ili maandishi yasimwagike kwenye tepe nyeusi, na kasi isizidi herufi 16 kwa sekunde. Chumba cha juri ndipo patakapompima mtafsiri, kwa sababu wajumbe wanasema kwa kupokezana hadi wanakuwa kama kiitikio cha ngoma. Pale ni bora kutafsiri kiitikio kwa ukamilifu mara ya kwanza na kuacha sauti ifanye kazi inaporudiwa, kuliko kubandika mistari inayowaka na kuzimika kila nusu sekunde. Tafsiri itoke kwenye orodha ya mazungumzo iliyosikilizwa upya kutoka sauti iliyokarabatiwa. Orodha za zamani zina maneno ambayo mtu alikisia kwa sababu ya mchakacho. Orodha hiyohiyo itumike kuandaa manukuu ya Kiingereza kwa wasiosikia, ambayo matoleo mengi ya filamu za wakati huu hayana.

Mwisho wa hadithi unabeba mtazamo wa mbari wa Uingereza ya 1930, kwa maneno ya dharau ambayo leo hayasemeki. Msiyafute wala kuyaziba kwa mlio. Wekeni kwenye kijitabu insha ya mtu anayeijua historia hiyo, isomwe baada ya filamu, na onyo la kusema hivyo liwe juu ya ukurasa.

Menyu isimtoe muuaji. Picha inayozunguka nyuma ya menyu isichukuliwe kwenye dakika 20 za mwisho, na majina ya sura yasitaje mtu wala mahali pa ufumbuzi. Hali kadhalika jalada la nyuma. Kila siku kuna anayeitazama filamu hii kwa mara ya kwanza, na ni filamu ya kutafuta nani aliyeua.

Kabla ya kiwanda kuanza kuchapa, diski ya majaribio ipewe watu wawili wasiohusika na kazi: mmoja aitazame kwenye runinga ya kawaida yenye mipangilio iliyotoka nayo dukani, mwingine aisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni akiwa amefumba macho. Wakague madirisha ya mwanzo kwa mwendo, chumba cha juri kwa umbo, hukumu ya nyuma ya mlango kwa sauti ya chini, tukio la kunyoa kwa uwiano, na kila mwisho wa rili kwa midomo. Watakayoyaandika yarudishwe kwa fundi, diski ya pili itengenezwe, ndipo tarehe ya kuuza itangazwe. Sisi tuko tayari kuisoma orodha ya mazungumzo na manukuu ya Kiswahili bila malipo, mkituletea pamoja na filamu yenyewe na si maandishi matupu.

Wenu katika kazi,

Watafsiri wa manukuu, mafundi wa sauti na wapenzi wa filamu za zamani